Shangazi, je, ni lazima niharibikiwe kwanza ndipo nitibiwe?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa wasomaji wengine hawakuiona, nitaieleza kwa ufupi kabla ya kukujibu. Una miaka 38, una mume na watoto wawili, na katika kazi yako ya uhasibu hakuna aliyewahi kukulalamikia. Kwa miaka miwili sasa unakunywa mvinyo kila usiku watoto wakishalala. Ulianza na glasi moja, sasa ni chupa nzima, na juu yake unameza kidonge cha usingizi ulichoandikiwa na daktari ulipofiwa na mama yako. Mwezi uliopita binti yako wa miaka 11 alikuonyesha asubuhi hesabu mlizozifanya pamoja usiku, nawe hukukumbuka hata kuketi naye. Ulimdokezea muuguzi mmoja, naye akakutajia programu ya matibabu ya kutwa. Ndipo ukaniuliza: "Mtu ambaye hata hajui kama ni mraibu ana haki gani ya kuchukua nafasi ya mgonjwa wa kweli? Na nikiamua kwenda, si afadhali niache kwanza peke yangu ili nifike nikiwa safi?"

Nitaanza na swali la pili, kwa sababu la kwanza linaweza kungoja wiki moja bila kukudhuru, ilhali hili la pili huenda ukalijibu mwenyewe usiku wa leo kwa kumwaga chupa zote. Usifanye hivyo kabla ya kuonana na daktari. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa muda mrefu hujirekebisha: ubongo hujisukuma kuwa macho zaidi ili kushindana na kile kinachoulaza, na kilevi kinapoondolewa ghafla, msukumo ule hubaki bila kizuizi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Mtukutiko wa mwili kama wa kifafa huweza kutokea ndani ya saa 48 za kwanza. Na hali mbaya kuliko zote, ya kuweweseka na kuona visivyokuwepo, aghalabu huja kati ya siku ya pili na ya nne, nayo huweza kumuua mtu asiyetibiwa. Wanaojua mambo haya huyaita mateso hayo yote ya kukosa kilevi arosto, na wengi hudhani ni mateso ya heroini pekee. Kumbe arosto ya heroini, pamoja na ukali wake wote, ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, wakati ile ya pombe na ya baadhi ya vidonge vya usingizi ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Si kila anayekunywa kama wewe atafikwa na hayo, na huenda wewe usipate zaidi ya usiku mbili tatu za mang'amung'amu. Lakini hukunitajia jina la kidonge chako. Kama ni cha jamii ya benzodiazepini, ambayo diazepamu ni mmoja wa wanafamilia wake, basi nacho hakiachwi kwa siku moja. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, pengine miezi, chini ya usimamizi. Na kuendelea kuvichanganya hivyo viwili kuna hatari yake ya upande wa pili, kwa kuwa vyote hupunguza kasi ya kupumua, na mtu aliyelala fofofo hana wa kumstua. Kwa hiyo sikwambii uendelee kama ulivyo. Nakwambia kesho asubuhi umpigie simu daktari aliyekuandikia kidonge hicho, umtajie vyote viwili kwa pamoja na kwa kiasi chake halisi, na umuulize namna ya kuvuka siku zilizobaki hadi miadi. Ukianza kutetemeka sana, ukachanganyikiwa, au mtu akashindwa kukuamsha, hilo ni la kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo.

Neno "safi" ulilolitumia limenikaa moyoni kwa namna isiyo nzuri. Anayekwenda kwa daktari wa meno hajing'oi jino nyumbani ili afike akiwa nadhifu. Huenda daktari akaona ulazwe siku chache ili uvushwe salama, kisha ndipo uingie matibabu ya kutwa. Huenda akaona unaweza kuvushwa ukiwa nyumbani, ukipimwa kila siku na kupewa dawa pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi hupungukiwa nayo. Uamuzi huo unahitaji macho, kipimo cha presha na maelezo ya ukweli, wala hauwezi kufanywa kwa barua, hata iwe ya Shangazi.

Sasa nirudi kwenye haki yako ya kwenda. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wengi, ule uliotolewa Marekani mwaka 2013, una vigezo 11 vya tatizo la matumizi ya kilevi. Miongoni mwake ni kunywa zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza ukashindwa, kutamani sana kilevi, na kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili upate kile kile ulichokipata zamani. Viwili tu vikionekana ndani ya miezi 12 vinatosha kuitwa tatizo, hata kama ni dogo. Vinne au vitano ni la kati, na sita au zaidi ni kubwa. Huoni popote palipoandikwa kwamba lazima mtu awe amefukuzwa kazi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 1989 dodoso fupi la maswali 10, ambalo mtu hupata alama kati ya 0 na 40, na kuanzia 8 anashauriwa kuzungumza na mtaalamu. Swali la nane kati ya hayo linauliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita ulishindwa kukumbuka yaliyotokea usiku kwa sababu ulikuwa umekunywa. Nilipolisoma upya niliwaza lile daftari la hesabu.

Wapo wanaosema kwamba mlevi haponi mpaka aanguke na kupoteza vyote. Usemi huo siupendi, na nimewaona waliouamini wakingoja anguko ambalo halikuwarudisha. Mtu mwenye nyumba, kazi na mume ana vya kumshika mkono wakati anatibiwa, na programu za kutwa zilibuniwa kwa kumfikiria mtu kama huyo, ambaye hahitaji ulinzi wa usiku na mchana lakini nusu saa ya nasaha kwa mwezi haimtoshi. Kuhusu kutokuwa na uhakika, hilo nalo si geni kwa wataalamu. Mwaka 1983 wanasaikolojia James Prochaska na Carlo DiClemente, waliokuwa wakiwachunguza wavutaji sigara walioacha au kutaka kuacha kwa juhudi zao wenyewe, walionyesha kwamba mtu hupita hatua ya kutafakari, akitaka na kutotaka kwa wakati mmoja. Mwaka huo huo mwanasaikolojia mwenzao, William Miller, aliandika juu ya namna ya kuzungumza na mnywaji bila kumshindilia hukumu, akimsaidia aseme mwenyewe kwa nini angependa kubadilika. Mshauri nasaha aliyefunzwa njia hiyo hatakulazimisha ujiite mraibu siku ya kwanza. Atakuuliza chupa inakupa nini, kisha inakuchukulia nini, na atanyamaza kwa muda wa kutosha ili ujisikie ukijibu.

Kuhusu mambo yenyewe yalivyo, fikiria tofauti ya shule ya kutwa na ya bweni. Unakwenda, unafanya kazi ya siku, unarudi kulala kwako. Katika uainishaji unaotumika Marekani, matibabu ya nje yaliyo mazito huwa ya saa 9 hadi 19 kwa wiki kwa mtu mzima, mara nyingi saa tatu kwa siku tatu au zaidi, na yale yanayokaribia ya hospitali huanzia saa 20. Kwingineko hesabu hutofautiana, lakini mpangilio unafanana. Sehemu kubwa ya saa hizo hutumika katika kikundi, na nyingine kwa mazungumzo ya faragha, mafunzo ya kuitambua hamu ya kunywa kabla haijakomaa, na ukaguzi wa daktari. Zipo pia dawa za kupunguza hamu hiyo, kama naltreksoni na akamproseti, ambazo wagonjwa wengi hawaambiwi habari zake, kwa hiyo uliza.

Ulisema unaogopa kikundi kwa sababu utaketi na "watu walioharibikiwa". Utaketi nao, ndiyo, na pengine na wengine wanaokuogopa wewe. Mwenye hali mbaya kuliko yako huenda akakutambua kwa haraka kuliko mtaalamu yeyote, kwa kuwa uongo unaomwambia mumeo kuhusu usingizi alishawahi kuutumia.

Udhaifu wa matibabu ya kutwa ni jioni, na hapa ndipo ningependa uweke akili yako yote. Kikundi kinatawanyika alasiri, nawe saa tatu za usiku uko mbele ya kabati lile lile, watoto wamelala, nyumba kimya, na huzuni ya mama yako ambayo naona bado hujailia ipasavyo. Ndiyo maana sioni namna ya wewe kwenda bila mumeo kujua. Si lazima umweleze kila glasi, lakini lazima awepo mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua kwa nini chupa zimeondoka, tena ziondoke baada ya daktari kupanga namna ya kuacha. Waambie wahusika wa programu kwamba saa zako za hatari ni za usiku na kwamba yote yalianza na msiba, ili nasaha zako zisiishie kwenye pombe pekee.

Kabla ya kujiandikisha, uliza kama kuna daktari anayesimamia, kama wanampokea mtu ambaye bado hajaamua kuacha moja kwa moja, nani ataona jalada lako, na nini hutokea mtu akiteleza akanywa. Swali hili la mwisho lipime vizuri. Mahali panapomfukuza mgonjwa kwa kurudia kunywa panafanana na hospitali ya kifua inayomtoa anayekohoa. Lakini mahali pasipojali kabisa pia sipapendi. Jibu zuri ni kwamba watakutazama upya na pengine kukuongezea saa. Kwa upande wako, ukiulizwa kama unataka kupunguza au kuacha, maadamu vidonge vile bado viko mwilini mwako, ningekuomba ulenge kuacha pombe kabisa, halafu suala la kupunguza mlizungumze na daktari baadaye mkiwa na utulivu.

Limebaki la binti yako. Usimwahidi kwamba hutakunywa tena, maana hiyo ni ahadi ambayo hata mwenye programu nzuri huchukua muda kuitimiza, na mtoto huhesabu ahadi kuliko tunavyodhani. Mwambie kwamba usiku ule kweli hukukumbuka, kwamba yeye hakukosea lolote, na kwamba siku fulani, uitaje siku yenyewe, mama anakwenda kuonana na daktari kwa sababu hiyo. Kisha muombe akufundishe upya zile hesabu, mchana.

Shangazi