Wasomaji Wanauliza: Presha Isiyosikia Dawa

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 52. Kila siku anameza amlodipini 10 mg, losatani 100 mg na haidroklorothiazidi 25 mg, haruki hata siku moja, lakini presha bado inasoma 168/102. Usiku mashavu ya miguu yanamkaza hadi analia. Potasiamu imepimwa, ni 2.9. Ameambiwa ni ile dawa ya kukojoza tu, ale ndizi. Inatosha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Haitoshi. Dawa ya kukojoza hushusha potasiamu, ni kweli, ila presha inayogoma juu ya 140/90 wakati mgonjwa anameza dawa tatu za aina tofauti kwa dozi kamili inatosha kabisa kuwa sababu ya kupima homoni iitwayo aldosteroni. Na potasiamu ya 2.9, wakati ya kawaida huanzia 3.5, haizibwi kwa ndizi. Mrudishe kwa daktari wiki hii apewe vidonge vya potasiamu na apimwe mapigo ya moyo kwa ECG, kwa kuwa upungufu huo huvuruga moyo.

Aldosteroni hutoka kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Huiamuru figo kubakiza chumvi na kutoa potasiamu kwenye mkojo. Yenyewe huamshwa na renini, kimeng'enya ambacho figo humwaga mwili ukipungukiwa chumvi au maji. Tezi ikiasi, na huo ndio ugonjwa wa Conn, aldosteroni humwagika bila kuitwa: chumvi na maji hujaa, presha hupanda, renini hushuka hadi karibu kwisha. Kwa hiyo vyote viwili hupimwa katika damu ileile, kisha aldosteroni hugawanywa kwa renini; jibu likiwa kubwa, huashiria ugonjwa.

Kipimo hiki huharibika kirahisi mno, na hapa tunaomba muwe makini. Potasiamu irekebishwe kwanza. Ikiwa chini, tezi nayo hupunguza aldosteroni, na majibu yatawadanganya kuwa hana tatizo. Asijinyime chumvi siku hizo. Losatani hupandisha renini na inaweza kuficha ugonjwa, lakini renini ikionekana chini hata akiwa anaimeza, ushahidi unakuwa na nguvu zaidi. Atenololi, dawa nyingine ya presha, hufanya kinyume: hushusha renini, mtu asiye na ugonjwa huu akaonekana anao. Spironolaktoni, dawa inayozuia aldosteroni, husimamishwa wiki 4 kabla. Dawa yoyote isiachwe bila daktari kuweka mbadala.

Damu itolewe asubuhi, mama akiwa ameamka na kutembeatembea kwa saa 2 au zaidi, kisha amekaa kitini dakika 5 hadi 15. Asikunje na kukunjua ngumi, potasiamu itapanda kwa uongo. Na sampuli ya renini isiwekwe kwenye barafu. Watu wa maabara wamezoea kupoza sampuli za homoni, lakini kwa hii, baridi huigeuza prorenini (renini ambayo bado haijaamka) kuwa renini, renini inaonekana nyingi, na ugonjwa unapotea machoni.

Majibu yakiashiria ugonjwa, mara nyingi hufuata kipimo cha kuthibitisha, kwa mfano dripu ya maji ya chumvi lita 2 kwa saa 4, halafu picha ya CT. CT peke yake haitoshi kuamua upasuaji, kwani uvimbe unaoonekana unaweza kuwa hautoi homoni yoyote.

SWALI: Kwa nini unaitwa ugonjwa wa Conn? (Mwanafunzi wa uuguzi, Tanga)

JIBU: Ni jina la Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza namna miili ya askari inavyozoea joto, akaona jasho la aliyezoea lina chumvi kidogo. Akashuku homoni ya adrenali. Aldosteroni yenyewe ilitambuliwa London mwaka 1953, katika kazi ya Sylvia Simpson na James Tait. Mwaka 1954 Conn akapata mgonjwa, mama wa miaka 34 mwenye presha, misuli dhaifu na potasiamu ya chini sana. Alipopima jasho lake, sodiamu ilikuwa kidogo mno. Desemba mwaka huo daktari wa upasuaji William Baum aliingia akitarajia kuondoa tezi zote mbili. Akakuta uvimbe wa sentimita 4 upande wa kulia, akautoa, akaiacha tezi ya kushoto. Mama yule akapona.

Baadaye Conn alisema huenda hadi asilimia 20 ya wenye presha wana ugonjwa huu. Wengi walimpinga, kwani walikuwa wakiutafuta kwa wenye potasiamu ya chini tu. Leo tunajua wagonjwa wengi potasiamu yao ni ya kawaida. Mwanafunzi, likamate hilo: usisubiri misuli ikaze.

SWALI: Natumia spironolaktoni 50 mg, presha imetulia, lakini matiti yanavimba na kuuma. Mimi ni mwanamume. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu, hilo ni tatizo linalojulikana. Dawa hiyo huzuia pia homoni za kiume. Usiiache ghafla, mwombe daktari apunguze dozi au akubadilishie eplerenoni, dawa ya jamii hiyohiyo. Potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) vipimwe tena baada ya mabadiliko, na usitumie chumvi mbadala yenye potasiamu.