Kukompaili tasnifu mara nne nne: mwachie latexmk

Mdogo wangu wa Mtwara, umesema kila ukigusa ile sura ya wakulima wa korosho unaendesha pdflatex (inayogeuza maandishi ya LaTeX kuwa PDF), bibtex (inayopanga marejeo), kisha pdflatex mara mbili, na siku ukisahau moja marejeo yanatoka alama za kuuliza. Kazi hiyo si ya mkono, ni ya latexmk, programu inayoziendesha hizo zote kwa niaba yako. Fungua dirisha la amri (terminal), ingia kwenye folda ya tasnifu, andika:

latexmk -pdf -pvc tasnifu.tex

Yenyewe inajua bibtex inahitajika lini, na inarudia mpaka namba za kurasa na marejeo vitulie. Hiyo -pvc inabaki macho: ukihifadhi tu, PDF inatengenezwa upya. Kuisimamisha, Ctrl+C.

Kwenye Windows, ukiwa na kifurushi cha LaTeX kiitwacho MiKTeX, weka kwanza Perl, lugha ambayo latexmk imeandikwa kwayo. TeX Live, kifurushi kingine, inakuja nayo. Na PDF usiifungue kwa Adobe Reader, inaishikilia faili isiandikwe. Tumia SumatraPDF. Mimi hilo lilinilia jioni nzima pale Shangani, nalaumu kompyuta bure.

Umeme ukikatika katikati, faili ya .aux, ambamo LaTeX huweka kumbukumbu za marejeo na kurasa, huweza kuharibika. Usihangaike kusoma makosa: andika latexmk -c, inayofuta faili za muda kama hiyo, halafu anza upya. Angalia tu c iwe ndogo. Kubwa inafuta na PDF yenyewe.