Ulaya haitaziba pengo hilo

Ndugu, umeuliza kama Ulaya itaziba pengo la USAID, shirika la misaada la Marekani, tangu Wamarekani walifunge Julai 2025. Sidhani. Uingereza yenyewe inashusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, wakati lengo la Umoja wa Mataifa tangu 1970 ni 0.7.

Kinachoniuma ni huku kwetu Tanga. ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zinamezwa kila siku, na dawa ni nusu tu ya kazi: lazima awepo mtu wa kupanda baiskeli hadi vijiji vya Pangani kumfuata aliyeacha dozi. Nani atamlipa posho? Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, 2001, asilimia 15 ya bajeti iende afya. Tuwabane wabunge wetu hapo, kabla bajeti ya Juni haijasomwa.