Lamineti na skatingi: ule mwanya usiuzibe, ufiche

Mkuu, umeuliza kama skatingi za mbao (vile vibao vinavyozunguka chumba chini ya ukuta) zilizokwisha pigwa uzing'oe kwanza, au uziache na ukate lamineti (mbao za sakafu za kiwandani) hadi zigusane nazo "pasipite hata karatasi". Hiyo ya pili niliifanya mimi, hapa hapa Tanga. Usiirudie.

Chumba chenyewe kiko Ngamiani, nyumba ya urithi, kuta zimepinda. Tulitandika Januari, jua la kaskazi linawaka, mbao zimekauka kau. Fundi alisema tuache mwanya pembezoni, mimi nikamwona anatafuta wepesi wa kazi. Nikamsimamia mpaka kila ubao ukabana kwenye skatingi, na kusema kweli ilipendeza. Ikaja masika. Asubuhi moja ya Aprili nakuta sakafu imeinuka katikati ya chumba kama chapati inayovimba kikaangoni. Ukikanyaga inashuka, ukitoa mguu inapanda. Mlango ukawa unakwaruza, haufunguki hadi mwisho.

Lamineti ndani yake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, juu kuna picha ya mbao na ngozi ngumu ya kuilinda. Nyuzi hizo zinanyonya unyevu, na hewa ya pwani unaijua, hata chumvi ya koponi inalowa. Tena sakafu hii haipigiliwi misumari wala haigandishwi chini kwa gundi. Inaelea, inatanuka na kusinyaa yote kwa pamoja. Ikikosa pa kwenda pembeni inakwenda juu. Kwa hiyo acha milimita 8 hadi 12 pande zote, hata kuzunguka fremu za milango na bomba. Wakati wa kupanga weka kabari za vipande vya lamineti yenyewe, na ukimaliza uzitoe (niliwahi kusahau mbili nyuma ya kabati).

Kung'oa skatingi na kuzirudisha juu ya sakafu mpya ndiyo kazi safi kuliko zote, ukuta ukikubali. Kata kwanza mstari wa rangi kwa kisu, ingiza patasi bapa, nyuma yake weka kibao ili usitoboe plasta, halafu kila kipande kiandike namba kwa penseli mgongoni. Kwangu cha kwanza tu kilishuka na plasta ukubwa wa sinia. Nikaacha, nikaenda kwenye bidingi.

Bidingi ni ule ufito wa robo duara unaokaa kwenye kona ya skatingi na sakafu, unafunika mwanya. Chagua wenye upana unaozidi mwanya kwa milimita 5 au zaidi. Mimi nilichongewa wa mtiki, maana shamba la mitiki la Longuza, Muheza, si mbali na seremala hakosi vipande, na mchwa hawaupendi kama wanavyopenda paini. Ila sikiliza hapa: bidingi inapigiliwa kwenye SKATINGI, kamwe si kwenye sakafu. Ukiipigilia chini umeifunga tena sakafu na kazi yote imekwenda bure. Kama skatingi yako ni ya saruji au taili, tumia gundi, na chini ya bidingi tandaza ukanda wa karatasi ili gundi isidondokee ubao. Ikishakauka, vuta karatasi.

Kona ndizo zinazoumbua. Nyuzi 45 za kwenye kitabu zinakubali kona ya nyuzi 90, na nyumba zetu hizi kona ya namna hiyo ni bahati. Bandika karatasi ya gundi sakafuni pale konani, laza kipande cha bidingi upande mmoja, chora mstari kwenye ukingo wake wa mbele. Laza upande wa pili, chora tena. Pale mistari inapokatana, vuta mstari hadi kwenye ncha ya kona ya skatingi. Huo ndio mkato wako, hamishia kwenye mbao.

Fremu ya mlango usihangaike kuizungushia ubao kwa mikato. Kata fremu yenyewe kwa chini. Chukua kipande cha lamineti, kigeuze uso chini, weka juu ya kipande cha ile sponji inayotandikwa chini ya lamineti, laza msumeno juu yake bapa kabisa ukate. Ubao utaingia chini ya fremu kama barua chini ya mlango.

Mengine kwa ufupi: maboksi yalale chumbani saa 48 kabla ya kazi. Juu ya saruji tandaza nailoni, vipande vipandane sentimita 20. Safu ya mwisho isiwe chini ya sentimita 5, pima chumba mapema. Na waambie nyumbani deki ya ndoo imekwisha, sasa ni kitambaa kilichokamuliwa. Hili la mwisho ndilo lililonigharimu maneno mengi kuliko yote.

Niliitandua ile sakafu, nikapunguza kingo, nikairudisha na mwanya wa milimita 12. Masika iliyofuata nilibandua bidingi moja nyuma ya mlango nikapima: zimebaki 9. Juu, sakafu imelala kimya.