Huyo anayekupigia uwekeze ni tapeli

Dada usimtumie hata mia, mtu usiyemjua akupigie eti weka 500,000 uvune milioni mbili wiki ijayo, huyo ni tapeli. Mamdogo wangu walimrudishia elfu 40 ya kwanza eti faida, akaamini, akaweka ada yote ya watoto, kuja kutoa anaambiwa alipie kodi kwanza. Ukisikia tu lipa ndo utoe jua umeliwa. Tanzania anayekusanya hela za watu kuwekeza lazima awe na leseni ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, waulize wenyewe, usiamini cheti cha kutumiwa WhatsApp. Hiyo namba iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na kama ushatuma hela piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia sasa hivi wauzuie muamala, kisha polisi, meseji usifute hata moja