Mjomba, yule mjusi wa Tendaguru nimemwona

Mjomba, shikamoo. Na nyie wadogo zangu mliokuwa mnacheka nyuma yake kwenye ule ujumbe wa sauti, habari za Mtanda? Mjomba umeniuliza siku ya kwanza kuuzunguka mji wa Berlin nilikwenda wapi, na kama Ulaya ni raha kama inavyoonekana kwenye picha. Nakujibu yote, matamu na machungu.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mapumziko yangu ya kwanza tangu nianze mafunzo ya kuuguza wazee. Wiki nzima nilikuwa nageuza watu vitandani, mgongo unawaka moto. Nikasema leo natoka. Nikakata tiketi kwenye mashine, nikapanda treni ya chini ya ardhi. Vituo viwili mbele, mtu aliyesimama mlangoni, kavaa koti kama abiria wengine, akatoa kitambulisho akaomba tiketi. Nikampa bila wasiwasi. Akaigeuza mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Kumbe tiketi ya karatasi ukishainunua, unatakiwa uiingize kwenye kisanduku pale kituoni igongwe muhuri wa saa na tarehe. Bila muhuri ni sawa na hujalipa. Faini euro 60. Nikataka kumweleza kuwa pesa nimelipa, hii hapa, lakini Kijerumani changu cha darasani kilikauka. Hiyo ni zaidi ya laki moja na nusu, mjomba. Wewe unajua ni kilo ngapi za korosho hizo, na unajua malipo ya korosho zilizopelekwa ghalani yanavyosubiriwa. Niliteremka na karatasi ya faini mkononi, machozi yananilenga. Kwa hiyo, wadogo zangu, anayewaambia huku pesa inaokotwa msimsikilize. Chumba peke yake kinameza karibu nusu ya posho yangu, na ninachowatumia mama akiumwa kinatoka kwenye hiyo nusu inayobaki.

Baridi mtu anazoea. Jumapili maduka yamefungwa, nilishinda na kipande kimoja cha mkate.

Pamoja na faini hiyo sikugeuza kurudi chumbani, kwa sababu nilikuwa nimetoka na nia moja. Kwenye njia ya treni ya U6 kuna kituo kinaitwa Naturkundemuseum, na hapo juu ndipo ilipo makumbusho anapokaa yule mjusi wetu anayesemwa bungeni kila mara, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kwetu Lindi. Ukiingia ndani hutembei sana, unamkuta kasimama mbele yako. Mjomba, ile picha ya kwenye kitabu cha shule isahau. Anakwenda juu mita 13 na ushee, shingo inapotelea darini. Mimi nilikwenda kusimama penye mguu wa mbele. Mfupa mmoja tu wa mguu huo, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una zaidi ya mita 2, unanipita kimo. Una rangi ya kahawia iliyokolea, na una nyufa zilizozibwa kwa uangalifu, kama mtungi wa bibi uliovunjika ukaungwa.

Pembeni yangu baba mmoja alikuwa anamsomea mtoto wake maelezo. Nikasikia anatamka "Tendaguru", kwa lafudhi yake. Moyo ukanipasuka. Nikajionyesha kifuani kwa kidole, nikasema "Lindi", halafu nikamnyooshea mjusi, nikarudia "Lindi". Maneno mengine sikuwa nayo. Yule mtoto akaniangalia, akamwangalia mjusi juu hadi chini, akaniangalia tena. Kisha akanipa mkono.

Na hapo ndipo aibu iliponishika. Mimi nimezaliwa Lindi, nimesoma Lindi, na Tendaguru sijawahi kukanyaga.

Arudishwe Tanzania au abaki Ujerumani, bungeni wataendelea kubishana. Mimi pale chini nilikuwa nafikiria vichwa vilivyombeba. Uchimbaji ulianza mwaka 1909 ukaenda hadi 1913. Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka 1907, na njaa ikawaua wengi walionusurika risasi. Waliobaki ndio walioshika majembe, kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zikashuka hadi bandari ya Lindi kichwani na begani, mwendo wa kama kilomita 60, siku nne hivi kwa miguu. Wewe umewahi kubeba gunia la korosho kutoka shambani hadi barabarani, unajua shingo inavyokuwa usiku wake.

Saa 10 jioni giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Usiku chumbani nikasoma kwenye simu kwamba mwaka 2019 wataalamu walimpa jina mjusi mwingine wa Tendaguru, aliyejulikana kwa pingili za mkia: Wamweracaudia keranjei. Wamwera, mjomba, kabila letu sisi! Na Keranje ni Mohammadi Keranje, mchimbaji aliyeigundua mifupa hiyo. Nililitamka jina hilo kwa sauti, peke yangu, mara mbili tatu.

Likizo yangu ni mwezi wa 7, mvua zimekwisha. Unipeleke Tendaguru. Waulize mapema wazee wa kijiji cha Mipingo kama yupo anayeijua njia waliyopita wapagazi, maana nataka tushuke nayo kwa miguu hadi baharini, hata kama ni siku nne. Na mama mwambie aniwekee ming'oko, ile mizizi yetu ya porini.