Bomba limepimwa Machi, limetoboka Juni: je, kipimo ni kibovu?

Swali: Nina kiwanda kidogo cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti hapa Kibaigwa. Boila tunaiwasha kwa maganda ya alizeti. Bomba kuu la mvuke ni la inchi 3, skedyuli 40 (daraja la unene wa ukuta), lina miaka mitatu. Mwezi Machi alikuja fundi na kipimo cha ultrasoniki (mashine inayopima unene wa chuma kwa kupitisha sauti ndani yake na kusikiliza mwangwi), akapima sehemu sita huku boila ikiwaka, akatuandikia kwamba unene wa wastani ni milimita 6.4 na bomba ni salama. Sasa kona ya pili kutoka kwenye boila inavuja mvuke. Je, kipimo chake ni kibovu? Na tunaweza kuchomelea kiraka tukaendelea, maana msimu ndio umepamba moto?

Jibu: Kiraka hapana, ndugu yangu. Chuma kinachozunguka hilo tundu kimekwisha kuliwa. Ukikichomelea, ama moto wa kulehemu utakitoboa palepale, ama kiraka kitashikilia chuma kisicho na nguvu na mvuke utatokea pembeni yake, pengine kwa kishindo na mtu akiwa karibu. Zimeni boila, presha iishe kabisa, mkate kona nzima pamoja na kipande cha bomba kinachofuata, muweke vipya. Msimu utasimama siku chache. Mvuke ukimuunguza mfanyakazi utasimama zaidi ya hapo.

Kipimo chenyewe huenda ni kizima kabisa. Tazama namba uliyopewa. Bomba jipya la inchi 3 la skedyuli 40 lina ukuta wa takriban milimita 5.5, na bomba halinenepi kwa kutumika. Hiyo 6.4 ilipaswa kumshtua fundi kabla hajaiandika. Alipima juu ya rangi: sauti hupita kwenye rangi polepole kuliko kwenye chuma, kwa hiyo rangi nene ya milimita 0.3 inaweza kusomeka kama 0.7 hivi. Alipima pia bomba likiwa la moto, na chuma kikipata joto sauti hupungua kasi, takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 55, mashine ikadhani ukuta ni mnene zaidi. Jumlisha hayo mawili na 5.5 inakaribia 6.4. Angekwangua rangi, au angetumia kipimo chenye uwezo wa kuiruka, kisha akakisawazisha kwa kipande cha chuma cha unene unaojulikana, hilo lingekwisha.

Lakini hata angepata 5.5 sahihi, bado kona yako ingetoboka. Jambo linalonikera kuliko yote katika kazi hii ni neno “wastani”. Bomba halipasuki kwenye wastani, linapasuka pale palipo pembamba kuliko kwingine, na mahali hapo huwa padogo. Kitambuzi cha kawaida, yaani kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya bomba, kinaona chuma kilicho chini yake tu, duara la upana wa sentimita 1 hivi. Sehemu sita ni miduara sita. Bomba lote lililobaki hakuna aliyelipima.

Na naweza kukisia alipima wapi: kwenye sehemu zilizonyooka, usawa wa kifua, mahali jeli ya kupitishia sauti inakaa vizuri na namba inatulia. Mvuke haumalizi bomba hapo. Visima vyetu vya huku kanda ya kati vingi vina maji ya chumvi. Chumvi ikilundikana ndani ya boila maji yanatoa povu, na matone yanabebwa na mvuke kwa kasi kubwa. Mvuke ukifika kwenye kona unageuka, matone hayageuki. Yanagonga ukuta wa nje wa kona, siku baada ya siku. Ndiyo maana upande wa nje wa kila kona unachorewa miraba ya sentimita 2 au 3 na kupimwa wote, na baada ya kona bomba linapimwa juu, chini na pande zote mbili. Sehemu za chini ambako maji ya mvuke uliopoa hutuama zinapimwa vilevile. Ukibadilisha kona bila kushughulikia maji ya boila, utaniandikia tena.

Kuna tabia mbaya zaidi. Kitambuzi kikiwekwa juu ya ukuta uliochimbwachimbwa na kutu kwa ndani, mwangwi hutawanyika na namba hucheza au hukataa kutoka. Fundi wa haraka anasogeza kitambuzi kidogo, namba nzuri inatoka, anaiandika. Amekiruka kile alicholipwa kukitafuta! Namba inapokataa ndipo pa kusimama, kulainisha uso, kubadilisha kitambuzi na kukagua kwa makini.

Mabomba marefu ya mafuta hayakaguliwi kwa kubahatisha hivyo. Ndani yake hupitishwa chombo chenye vitambuzi vingi vilivyozunguka duara lote, ili ukuta usomwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiwanda kidogo hakihitaji chombo hicho. Kinahitaji mchoro wa bomba wenye alama za kila palipopimwa, ili mwaka ujao tupime palepale. Ukuta ulioanza na 5.5 ukawa 3.7 baada ya miaka mitatu unapoteza 0.6 kwa mwaka, na hapo unaweza kupanga lini ubadilishe. Karatasi yenye wastani na muhuri haikupi hesabu hiyo. Usiilipie. Muulize pia anayekuja kama ana cheti cha upimaji huu cha ngazi ya pili, na akikuambia kwa kipimo cha unene kwamba “hakuna nyufa”, msindikize mpaka getini, kwa sababu nyufa hutafutwa kwa mawimbi ya sauti yanayopelekwa kwa pembe na kwa mashine nyingine.

Wenye gereji na maduka ya matairi, kuanzia Manyoni hadi Gairo, hili ni lenu pia. Mitungi ya kompresa huliwa chini kwa ndani, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huacha maji na wengi hamfungui koki ya chini kuyatoa. Nimeona mitungi iliyopimwa ubavuni, ikasifiwa, na tumbo lake la chini limebaki jembamba. Hewa iliyoshindiliwa ikiachiwa ghafla hupasua mtungi vipande. Pima chini kwanza, na kuzunguka maungio. Mtungi wenye kiraka, au unaotoa maji yenye kutu kupitia tundu lisilo koki, utolewe kazini leo na ukatwe katikati kabla haujauzwa kama chuma chakavu, asije mwingine akaununua na kuujaza hewa.